Bonde Lilipoacha Kuhema

Siku isiyonitoka, mwanangu, ni ile ambayo bonde letu liliacha kuhema. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kinu cha mama, mikono imejaa unga, nikijivunia kimya nilichokileta mwenyewe. Nilimsikia kuku wa jirani akiparua majani makavu. Nikasikia mtoto akikohoa ng'ambo ya barabara. Miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kujua kwamba kuku wa jirani ana kelele namna ile.

Kaa kidogo nikueleze, maana wewe umezaliwa stima ikiwa kila mahali, na pengine hujawahi kusikia kinu cha dizeli kikiita watu.

Kwetu ni njia ya kwenda Mitaboni, mahali ambapo milima ya Iveti inateremka kwa matuta, shamba juu ya shamba, mpaka chini kwenye mchanga wa kijito. Baba yangu alikuwa na wake wawili, na kati ya nyumba zao kulikuwa na bonde. Upande wa mawio aliishi mke wake wa kwanza, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa. Upande wa machweo tuliishi mama yangu na mimi. Baba alikuwa mtu wa kuogopa malalamiko. Akileta sukari huku, lazima ipelekwe na kule, kwa kipimo kile kile, kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa hiyo alipopata kinu cha kusagia mahindi akakiweka kwa Mama Mkubwa, mama yangu hakusema neno. Nyumbani kwetu, kutosema neno ndiko kulikuwa kusema. Baba alielewa. Mavuno yaliyofuata akaleta kinu cha pili, aina ile ile, kimepakwa rangi ile ile ya kijani.

Ikabaki sauti.

Siku hizo mwenye kinu alitaka bomba lake la moshi lilie mbali, ili mwanamke aliye juu kwenye kilima, na mahindi mgongoni, ajue kama kinu kinasaga kabla hajaanza kuteremka. Baba alizika pipa tupu la mafuta ardhini, moshi wa injini upitie humo upunguze makali, kisha utokee kwa bomba refu lililosimama kando ya ukuta. Kilichotoka juu hakikuwa tena mkwaruzo wa injini. Ilikuwa sauti moja ndefu, nzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kinu cha Mama Mkubwa kililia hivyo, na baba akaapa kwamba chetu kitalia vivyo hivyo, asiwepo wa kumwambia kwamba amempendelea mwingine. Alipima bomba la kule kwa kamba, akavuka bonde na ile kamba, akakata bomba letu kwa msumeno wa chuma. Lakini kamba ikilowa jasho la mkono hujikunja. Bomba letu likatoka fupi, fupi kwa upana wa kidole hivi.

Basi vinu vikawa na sauti mbili zilizokaribia kuwa moja, na hazikuwa moja. Kimoja kikilia peke yake, mlio ulikuwa umenyooka kama uzi uliokazwa. Vikilia vyote viwili, sauti ilijaa bondeni, ikanywea karibu kupotea, ikajaa tena, ikanywea, mchana kutwa, kama kifua cha mtu aliyelala. Watu wakasema bonde linahema. Watoto waliokuwa wakichota maji kwenye mchanga wa kijito walivuta pumzi nalo kwa mchezo, wakashindana nani atachoka kwanza.

Baba alifia kwetu, akazikwa kwa Mama Mkubwa, kwa kuwa huko ndiko lilikokuwa boma lake la kwanza. Mmoja akapata maneno yake ya mwisho, mwingine akapata kaburi, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake ndiye aliyechukua kikubwa. Mama Mkubwa alitaka kujua baba alisema nini kabla hajakata roho. Mama yangu akamwambia hakusema kitu. Mama Mkubwa hakuamini. Matanga yakaisha, watu wakaenda, na wale wanawake wawili hawakuzungumza tena. Ukimtaja mmoja mbele ya mwingine, angeuliza kama kuni zimeingizwa ndani kabla ya mvua, hata kama mbingu ni nyeupe.

Vinu vikaendelea. Cha Mama Mkubwa kikawa mikononi mwa Mutua, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi na baba tangu mwanzo. Chetu alikiendesha mama mwenyewe, akizungusha ule mkono mzito wa kuwashia injini mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na jambo moja nililiona bila kulifikiria: jioni vilizimwa pamoja. Mama angeweza kuwa amemaliza mteja wa mwisho, amefagia, amefunga magunia, na bado injini ingali inanguruma bure. Kisha ng'ambo kungenyamaza, na hapo hapo naye angezima. Siku nyingine cha kwetu kilitangulia kunyamaza, na cha kule kikafuata kabla hujameza mate. Mimi nilidhani ni ushindani wa wateja, kwamba hakuna anayetaka mwenzake abaki akiita watu peke yake. Nilikuwa msichana bado, na kila kitu kati ya wake wenza nilikiita vita.

Nilipomaliza kidato cha nne huko Machakos mjini nilirudi kumsaidia mama. Nilikuwa na kichwa kilichojaa masomo na hakuna wa kumsomea. Wenzangu walitawanyika, mmoja akaenda Athi River kiwandani, mwingine akaolewa Kithyoko, kule joto linakoanzia. Mimi nikabaki na magunia. Kulikuwa na mteja wetu mmoja, mama Ndinda, mwanamke mwenye mdomo ambao haujawahi kulala. Siku moja akiwa kwenye foleni akaangalia bonde, akatikisa kichwa.

"Ni marehemu huyo," akawaambia wenzake. "Anahemea hapo katikati. Hajui leo alale nyumba gani."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama yangu hakucheka. Nami nikaona hapo ndipo elimu yangu itakapopata kazi.

"Si marehemu," nikasema. "Ni sauti mbili zinazokaribiana. Mwalimu wetu alituonyesha."

"Haya, mwalimu wa vinu," mama Ndinda akasema. "Tufundishe. Lakini mahindi yangu yasipoteze nafasi."

Nilikumbuka vile vyuma viwili vya umbo la uma ambavyo mwalimu wetu wa fizikia alivigonga mezani, kimoja amekibandika tone la nta ili kizubae kidogo, na darasa zima likasikia sauti ikijaa na kunywea. Sikuwa na vyuma. Nilichukua lile chekeche kubwa la unga. Nikamwambia mama Ndinda ashike upande ule, nikashika huu, tukitazamana.

"Wewe tikisa kwa mwendo wako, usinifuate. Mimi nitatikisa kwa wangu, haraka kukupita kidogo tu."

Mwanzoni alipokuwa akisukuma mimi nilikuwa navuta, tukaenda pamoja, chekeche likaruka huku na huku na unga ukatupaka kope. Kidogo kidogo nikamtangulia, mpaka ikafika akisukuma nami nasukuma, akivuta nami navuta. Chekeche likasimama katikati yetu, tuli, kana kwamba limewekwa mezani.

"Mbona umeacha?" akauliza.

"Sijaacha. Wewe umeacha?"

"Mimi nasukuma mpaka mabega yanauma."

"Basi endelea."

Tukaendelea, nikamtangulia zaidi, mpaka tukakutana tena, yeye anasukuma mimi navuta, na chekeche likaruka kwa nguvu ile ile ya kwanza. Nikawaeleza kwamba sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa namna hiyo. Vinu vikisukuma pamoja, sikio linapata nguvu ya vyote viwili. Kimoja kikisukuma wakati kingine kinavuta, hewa inasimama na sikio linaona kimya. Nikawaambia kwamba kadiri miendo inavyokaribiana, ndivyo kuachana na kukutana kunavyochukua muda mrefu, na kuhema kunakuwa kwa polepole. Ikilingana kabisa, hakuna kuhema tena, ni mlio mmoja mnene. Na ikitofautiana sana, nako hakuna kuhema. Sikio linasikia watu wawili wasiojuana, kila mmoja na lake.

"Kwa hiyo pale kunaponyamaza," mama Ndinda akasema, "hakuna aliyelala."

"Hakuna. Hapo wote wanafanya kazi."

"Shule imekufundisha kuchekecha," akasema, akijifuta uso. "Lakini marehemu namjua. Ni yeye."

Mama yangu alikuwa amesimama karibu na injini. Niligeuka nikaona anatazama ng'ambo, amekiegemeza kiganja kwenye ukuta, mahali ambapo bomba hupita kwa nje. Nilifikiri amechoka.

Kisha stima ikafika. Nguzo zilipita kandokando ya barabara ya juu, zikafika sokoni, na watu wa duka la kwanza kuwasha taa wakaacha mlango wazi ili tuone. Nilimwandama mama. Nikamwambia mota ya stima haina dizeli, haina moshi wa kukuingia kifuani, haina mkono wa kukuvunja bega. Unabonyeza tu. Na kweli alikuwa anakohoa, na kweli bega lilikuwa linamsumbua.

"Na bomba?" akauliza.

"Bomba la nini, mwaitu? Stima haina moshi."

Mwaitu ni mama yangu, kwa lugha yetu. Hakunijibu. Alitazama ng'ambo muda mrefu, na kimya chake nikakichukua kuwa ni kukubali. Ile injini ya kijani tulimuuzia mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mzee wa Kisomali aliyekuwa akipitia soko letu akielekea Kithyoko, aliyetaka kuitumia kupandishia maji ya mifugo wake. Alikuja asubuhi na lori na vijana wa kubeba. Alipoona bomba akasema hilo halihitaji, likabaki limesimama kando ya ukuta bila chochote chini yake.

Mchana ule mota ikaanza kazi. Ilinong'ona tu. Wateja walikuja wakashangaa, wakasifu unga, wakaniita fundi. Mama alimimina mahindi kama mtu aliyeazimwa mikono. Kila mara alikwenda mlangoni, akasimama, akarudi. Ng'ambo kinu cha Mama Mkubwa kilikuwa kikilia peke yake, sauti iliyonyooka, haipandi wala haishuki. Halafu nacho kikanyamaza, jua likiwa bado juu, wala si saa ya kufunga. Ndipo nikamsikia yule kuku.

Alasiri niliona watu wawili wakipanda kutoka kijitoni. Mbele alikuwa Mutua, amejaa unga mpaka nywele, akirudi nyuma hatua kwa hatua kama anayemwongoza ng'ombe kuvuka daraja. Aliyemshika mikono alikuwa Mama Mkubwa. Tangu matanga hakuwahi kuvuka bonde lile, na sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu ilikuwa inatafuta ardhi kabla ya kuiamini. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi la mazishi. Begani alikuwa ameweka leso, na ndani ya leso kulikuwa na majani ya chai na sukari, vile mtu anavyobeba kwenda nyumba yenye msiba.

Wateja wakampisha. Mama yangu akatoka ndani, mweupe kwa unga kutoka kichwani mpaka viatuni, wakasimama wanatazamana, kana kwamba yule mwingine alikuwa anaona.

"Nani huyo?" Mama Mkubwa akauliza.

"Ni mimi, mama Musyoka." Musyoka alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi na kurudi kwa nadra.

"Mimi nani? Umekufa ama uko hai?"

"Niko hai."

"Basi mbona umenyamaza?"

Mama aligeuka akatazama mota. Mutua akasema kwa upole, "Nilimwambia ni stima tu. Nilimwambia mambo ya nguzo yote. Akaniambia nizime mashine, nimlete aje ajionee kwa macho yake."

"Na macho sina," Mama Mkubwa akasema. "Ndiyo maana nimekuja mpaka karibu hivi."

Mama Ndinda, aliyekuwepo, akaanza kucheka, akauona uso wa mama yangu, akaacha. Nilimletea Mama Mkubwa kigoda. Alikaa, akaweka leso yake magotini bila kuifungua, kama mtu aliyefika kwenye msiba akakuta hakuna msiba na hajui zawadi aipeleke wapi.

"Mwikali," akaniita. "Wewe ndiwe uliyesoma. Wanasema uliwaeleza watu ile sauti inatoka wapi."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa inakwenda wapi?"

Nikageuka kutazama ng'ambo, kana kwamba bado inasikika.

"Nyumba yangu iko nyuma ya ule mwamba wa kando ya kinu," akasema. "Kinu changu kinanifikia kimechoka. Chenu nacho, kwa kuvuka bonde, kinafika kimechoka. Vinalingana pale kwangu jikoni. Macho yalipokwisha sikuweza tena kuona moshi wa jiko lenu, nikawa nasikia tu. Bonde likihema polepole, najua mama yako ametulia, hana mahindi mengi. Likianza kuhema haraka, najua magunia yamekuja, injini imelemewa. Wakati ule alipougua nilijua, maana aliyekuwa anamimina mahindi ni wewe, na unamimina kama mtu anayefukuza mbwa."

"Yale mapapai," mama yangu akasema.

Nikakumbuka. Mama alipokuwa kitandani tuliamka tukakuta mapapai mlangoni, tukasema ni akina mama wa kanisa.

"Mutua ndiye aliyeyabeba," Mama Mkubwa akasema. "Leo nimekaa jikoni, kinu changu kinalia, kimenyooka tu. Nikasema labda mkanda wa injini yake umekatika. Nikangoja. Nikasema labda amekwenda sokoni. Nikangoja. Halafu nikamwambia Mutua alete gauni." Akanigeukia upande wangu, akakosea kidogo, akawa anazungumza na gunia. "Kuzima si vibaya, binti yangu. Kila injini huzimwa. Lakini mtu akizoea kukusikia, ukizima mwambie. Usimwachie kimya akisome mwenyewe, kwa sababu atakisoma vibaya."

Hakupandisha sauti. Nimekaripiwa na watu wengi maishani, mwanangu, na wengi walipiga meza. Hakuna neno lililoingia kama lile lililoambiwa gunia.

Mama yangu alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye unga.

"Aliniuliza kitu," akasema.

"Nani?"

"Mwenye bomba."

Mota ilikuwa inanong'ona ndani. Mutua akaingia akaizima bila kuambiwa.

"Uliniambia hakusema kitu," Mama Mkubwa akasema.

"Nilikuambia hivyo. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nilikuwa nangoja aniambie neno langu. Akafungua macho akaniuliza, mbona kule kumenyamaza. Akauliza tena, mbona kule kumenyamaza. Basi. Hakuuliza kingine." Mama alijifuta uso na unga ukafanya matope. "Nilikuwa nimemuuguza mimi. Nikaona hata hilo la mwisho ulichukue wewe? Nikalinyamazia."

Mama Mkubwa alinyoosha mkono akamtafuta Mutua.

"Mkanda ulikuwa umekatika," akasema. "Asubuhi ile. Nilimtuma Mutua mjini alete mwingine. Mutua, si nilikutuma?"

"Ulinituma, mama."

"Nilimtuma. Aliporudi, baba Musyoka alikuwa amekwisha kwenda." Akashika leso yake kwa mikono yote miwili. "Kumbe alikuwa anatusikiliza wote wawili. Akasikia mmoja."

Nilipoona machozi ya wale wanawake nilitaka kutengeneza kitu, jambo lolote. Nikasema naweza kumfuata yule mzee wa ng'ombe, Kithyoko si mbali sana, nimrudishie pesa zake tuchukue injini yetu. Mama Mkubwa akatikisa kichwa.

"Acha ng'ombe wanywe maji," akasema. "Mama yako kifua kinamuuma. Nilikuwa namsikia anavyoiwasha kwa taabu." Kisha, kwa sauti kavu ambayo sikuwahi kujua anayo, akamwambia mama yangu, "Sasa itabidi tutumie midomo. Na midomo yetu, mama Mwikali, wewe unaijua ilivyo."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kilichotoka na kikohozi ndani yake, lakini kilikuwa kicheko. Ile leso ikafunguliwa. Chai iliyobebwa kwa ajili ya kifo chake, mama yangu aliichemsha mwenyewe, tukainywa.

Nisikudanganye kwamba waliishi wakicheka. Jumapili baada ya kanisa mama alivuka bonde, au Mutua alimleta Mama Mkubwa kwetu, na mara nyingi walitafutana makosa. Huyu alitia chumvi nyingi, yule alilala akiongeleshwa. Kuna Jumapili walikasirikana wakakaa kimya mpaka jua likazama, lakini walikaa kimya kigoda kando ya kigoda. Nilipowatazama nilikumbuka chekeche likiwa limesimama tuli na mabega ya watu wawili yakiuma. Siku moja mama alipelekwa kulizuru kaburi la baba, akaachwa peke yake kadiri alivyotaka. Alirudi na udongo magotini.

Mama Mkubwa alitutoka msimu ule mvua zilipochelewa. Mutua aliendelea na kile kinu kwa muda, kabla Musyoka hajaja kutoka Mombasa kukiondoa. Jioni hizo mama alikuwa akizima mota, anatoka, anasimama karibu na lile bomba letu lisilo na kazi, anasikiliza ng'ambo.

"Unasikia?" aliniambia siku moja. "Kinalia sawasawa mno."

Nilisikia. Mlio ulikuwa safi, umenyooka, hauna kasoro hata moja, na hakuna kitu nimewahi kusikia duniani chenye upweke kama ule. Kuhema kunahitaji wawili. Mmoja peke yake, hata awe mzuri namna gani, hana cha kumpandisha wala cha kumshusha.

Mama naye amekwenda. Mimi sasa naishi Machakos mjini, nyumba ya vyumba vinavyonitosha na kubaki. Watoto niliowazaa wako Syokimau na kwingineko, wana kazi na wana foleni za barabarani, na siwalaumu. Alasiri, pikipiki zikipungua, sauti inayobaki ndani ni ya friji. Inanguruma pale pembeni, imenyooka. Wakati mwingine jirani wa ukuta huu akiwasha yake, na ukuta ukiwa mwembamba, zinakutana kidogo, sauti inajaa, inanywea, inajaa. Huwa naacha ninachofanya nikakaa. Jirani hajui kwamba ananitembelea.

Basi sikiliza, mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Utapata mtu ambaye mnakaribiana, ndugu, rafiki, mke, mume, na mtaanza kugongana, leo mmejaa, kesho mmenywea, na utachoka na hilo. Utatamani sauti moja iliyonyooka. Kabla hujaenda kuitafuta, jua kwamba watu walio mbali nawe hawakusumbui hivyo, kwa kuwa hata hukaribii kugusana nao. Kukiwa kimya kati yenu, usiseme haraka kwamba mwenzako ameacha. Huenda anasukuma kwa nguvu zake zote wakati nawe unasukuma, na hewa imesimama katikati yenu. Vumilia kidogo upite mzunguko. Ukiwa na neno linalomhusu yeye, hata kama neno hilo halikukusifu, mpe angali anaweza kukujibu kwamba mkanda ulikatika. Na usidhani hakuna anayekusikiliza. Kuna mtu nyuma ya mwamba, jikoni, anayejua siku yako ilivyo kwa namna unavyomimina mahindi.

Mungu akupe mtu wa karibu nawe kiasi cha kukutikisa. Akupe masikio ya kumsikia akiwa amechoka, na miguu ya kuvuka bonde hata kama macho yamekwisha. Bonde lako liheme siku nyingi, polepole. Na siku utakapozima, mwanangu, usisahau kumwambia.